Raptor yangu, galoni 23 na aibu ya njiani baada ya Ozona

Jumanne nimepokea ujumbe wa mdogo wetu mmoja yuko Dallas. "Shikamoo kaka. Nimepata Ford Raptor ya 2018, bei nzuri, naenda kuitazama Jumamosi. Muuzaji anasema barabara kuu inakwenda maili 18 kwa galoni. Wewe unayo, hebu niambie, hiyo 18 ni ya kweli?"

Nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Kabla sijanunua yangu nilimuuliza mtu swali hilohilo, karibu neno kwa neno, akanijibu "ya kweli kabisa". Leo ndiyo najua yule bwana alikuwa ananisomea kibandiko cha dirishani, kile chenye namba rasmi za mafuta gari likiwa jipya. Hajawahi kuijaza Raptor hata tenki moja kwa hela yake mwenyewe.

Yangu nayo ni pikapu ya 2018. Injini ya V6 lita 3.5, tabo mbili (zile turbo za kusukuma hewa ndani ya injini), farasi 450, gia kumi. Kwa Kiswahili cha mtaani: mnyama. Niliipata baada ya miaka minne ya shifti za usiku hapa Houston, na sitaki mtu aniambie nilikosea kuitaka. Wewe unayesoma hapa unajua unavyojisikia ukisimama nayo kwenye taa, upana wa zaidi ya mita mbili, watu wanageuza shingo. Sote tunaitaka. Mambo ya mkopo na bima nayaruka, hayana utamu.

Kuna jambo moja la ununuzi ambalo siliruki, maana ndilo lililonifikisha pabaya. Nilichukua SuperCab, ile ya kabini fupi, kwa sababu ilikuwa na bei nafuu kuliko SuperCrew ya milango minne mikubwa. Hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza, kwamba SuperCrew ina tenki la galoni 36 na SuperCab ina la galoni 23. Galoni 23 ni lita 87 hivi. Kwa IST ya nyumbani hiyo ni safari ya mkoani kwenda na kurudi. Kwa mnyama huyu ni kifungua kinywa.

Sasa tuje kwenye hiyo 18. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linaipa Raptor ya miaka hiyo 15 mjini, 18 barabara kuu, na 16 kwa wastani. Kwa hesabu yetu ya kilomita kwa lita, 16 ni kama 6.8. Namba hizo si za uongo, ila lazima ujue zinatoka wapi. Gari linafungwa juu ya rola ndani ya maabara na kuendeshwa kwa ratiba maalumu. Lile jaribio la msingi la barabara kuu lina wastani wa maili 48 kwa saa na halizidi maili 60. Yapo majaribio mengine ya mwendo mkali, ya joto na ya baridi, na matokeo hupunguzwa ili yakaribie maisha ya kawaida. Maisha ya kawaida ya nani? Huku Texas magharibi, kwenye I-10, kibao chenyewe cha serikali kinakuruhusu maili 80 kwa saa, karibu kilomita 129. Na hakuna aliyenunua Raptor ili apitwe na malori.

Mimi mbali na huo mwendo nilikuwa na madhambi yangu. Nilitoa tairi zilizokuja na gari, za inchi 35, nikaweka za 37. Juu ya sehemu ya mzigo nikafunga fremu na hema la kulala. Mwezi Machi tukapanga safari ya familia kwenda Big Bend, mbuga iliyo mpakani na Mexico. Mimi, mke wangu na mtoto kwenye Raptor. Shemeji yangu, mkewe na watoto watatu kwenye Toyota Sienna ya haibridi. Hiyo Sienna EPA wanaipa 36 kwa galoni. Ikumbuke hiyo 36.

Tulijaza San Antonio, wote wawili hadi pomoni. Nikapiga hesabu mbele ya shemeji, kwa sauti: 18 mara 23 ni 414. Kutoka hapo hadi Fort Stockton, mji ulio njiani kwenda Big Bend, ni kama maili 320. Nafika na maili 90 na ushee mkononi. Shemeji hakusema kitu, alikuwa anapangusa kioo chake.

Upepo wa Machi ulikuwa unatupiga usoni tangu mji wa Junction. Hema lilikuwa linavuma kama baragumu. Tulipofika mji mdogo wa Ozona geji ilikuwa chini ya robo na kompyuta ya gari inasema zimebaki maili 83. Fort Stockton iko maili 107 mbele. Mke wangu akasema, "Baba Jamila, si tujaze hapa?" Nikamjibu kitaalamu. Nikamwambia kompyuta hii imechanganywa na tairi za 37, haijui kwamba gari linakwenda mbali kuliko inavyodhani. Halafu Bakersfield, maili 70 na kidogo mbele, kuna sheli pembeni ya barabara. 83 si ni nyingi kuliko 71?

Na kuhusu tairi nilikuwa sahihi, ndiyo inayoniuma. Tairi ya 37 ikizunguka mara moja inakwenda mbali kwa karibu asilimia 6 kuliko ya 35, na gari likiwa halijaambiwa kuwa umebadilisha, odomita, yaani kipima maili cha gari, inasoma pungufu. Elimu yangu ilikuwa sahihi na ilikuwa nusu. Zile maili 83 kompyuta ilizipiga kwa kutazama nilivyotumia huko nyuma. Haikujua kwamba mbele kuna vilima na upepo umeongezeka. Nikaziona zinayeyuka: 60, 41, 22. Nilikuwa nakwenda maili mbili, yenyewe inakata nne. Mke wangu ameangalia dirishani, mtoto amelala.

Gari lilikohoa mara mbili likazima, maili 60 baada ya Ozona. Kilichobaki ni sauti ya upepo na taa za hatari zikilia tiki, tiki. Shemeji alikuwa ameshapita. Alipogundua hatumo kwenye kioo chake alikuwa karibu na Bakersfield, akanunua dumu jekundu la galoni mbili, akageuza, akaja. Saa nzima na robo. Akanimiminia mwenyewe, taratibu, wala hakutoa neno la dhihaka. Nikasema moyoni, huyu ni ndugu.

Usiku huo, kwenye grupu la familia la WhatsApp, lenye watu wa Dar, Moshi, Houston na Muscat, ikaingia video ya sekunde 14. Raptor pembeni ya barabara, mimi nimeshika kimlango cha tundu la mafuta. Maandishi yake: "Mnyama amelala."

Mwaka wa pili huu bado mtu akipiga simu kutoka Moshi ananiuliza mnyama ameamka. Nacheka nao. Mambo mengine unayacheka tu.

Ila aliyenimaliza ni baba. Alikuwa dereva wa serikali miaka 26, Land Rover na baadaye Land Cruiser. Nilimpigia kumweleza yote, upepo, hema, tairi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Logibuku yako iko wapi?" Maana kwake kila alipojaza aliandika: kilomita, lita, sahihi. Alikuwa akijua gari lake linakula lita ngapi kwenda Same na lita ngapi kurudi likiwa na mzigo. Mimi nina gari la tabo mbili na skrini inayong'aa, na sikuwa na hata kalamu.

Basi nikanunua daftari. Ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu wa Dallas, ndio huo: nunua daftari. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe, andika odomita, endesha, jaza tena mpaka ikate, gawa maili kwa galoni. Kama umebadilisha tairi, rekebisha odomita kwanza. Ile siku ya aibu odomita ilisoma maili 259. Ukizidisha kwa 1.057, tofauti ya tairi, unapata kama 274. Gawa kwa galoni 23: ni 11.9. Siyo 18. Nilikuwa natembea na theluthi mbili ya namba niliyoitangaza mbele ya watu.

Baadaye nilishusha hema, nikarudisha tairi za 35 (zile za 37 nimeziuza kwa hasara, tusiongee), nikaanza kupima Houston hadi San Antonio, barabara ileile. Kwa maili 65 nilipata 17.6. Kwa 72 nikapata 15.7. Kwa 80 nikapata 13.4. Gari moja, dereva mmoja, petroli ileile. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 65 hadi 80 unaongeza mwendo chini ya robo lakini hewa inakusukuma nyuma mara moja na nusu. Na hili gari limejengwa kama kabati, halijajengwa kama samaki. Mjini, kwenye foleni ya Katy Freeway, napata 12 na kitu, kiyoyozi kikiwa kamili, maana Agosti ya Houston bila kiyoyozi ni adhabu.

Na tabo. Watu wanadhani injini ndogo ya V6 maana yake inakula kidogo. Tabo ni kama mgeni wa mbali: usipomwita hana shida, ukimwita anakuja na njaa yake na ya wenzake. Kila unapokanyaga mpaka usikie ule mluzi, injini inavuta hewa nyingi na lazima imwagiwe mafuta ya kulingana nayo. Wenye Ram TRX, pikapu mshindani wa Raptor, wao hawana hata ubishi huu. Farasi 702, na EPA wenyewe wamewaandikia 10 mjini na 14 barabara kuu. Raptor R ya V8 ni 10 na 15. Hao angalau wameambiwa ukweli mapema.

Jambo jingine ambalo nalirudia kila mahali mpaka watu wamenichoka. Wengi wanasema, gari la 12 au la 15 yote yanakunywa tu, tofauti iko wapi. Chukua maili 12,000 za mwaka. Kwa 12 unachoma galoni 1,000. Kwa 15 unachoma 800. Umeokoa galoni 200. Sasa shemeji akitoka 30 kwenda 36, anatoka galoni 400 hadi 333, ameokoa 67 tu. Kwa hiyo sisi wenye wanyama ndio tunaotakiwa kuhesabu hata maili moja moja. Juni 2022, wastani wa bei Marekani ulipopita dola 5 kwa galoni, hizo 200 zilikuwa dola elfu moja. Dola elfu moja nyumbani ni mabati, ndugu zangu. Sisi wa diaspora tunajua bei ya bati la geji 28 kuliko tunavyojua tenki letu lina galoni ngapi, halafu tunashangaa hela inakwenda wapi. Inakwenda kwenye mguu wa kulia! Inakwenda kwenye tairi za kupigia picha! Haya, nisiwahubirie, na mimi nilikuwemo.

Upepo wa tairi pia. Ukishusha upepo kupita mchangani, upandishe kabla ya kurudi lami. Na andika kwenye daftari.

Nisiwe mnyimivu wa haki kwa mnyama. Big Bend kuna njia inaitwa Old Ore Road, maili 26 za mawe na makorongo. Sienna ilibaki kambini. Shemeji alipanda kwangu, kiti cha mbele, na kwa saa nne hakutaja mafuta hata mara moja. Kwenye korongo moja gari liliruka kidogo likatua kama limetua kwenye godoro, akashika mshikio wa juu akasema, "Aisee." Hiyo "aisee" sina ushahidi wake wa video. Siku mbili hizo za vumbi daftari linasema 8.3, na sikuumia hata kidogo. Nilikuwa nimejaza Panther Junction, na tena Rio Grande Village, humohumo mbugani, bila kuambiwa na mtu.

Kwa hiyo mdogo wangu, 18 utaipata ukiwa peke yako, tairi za kiwandani, maili 60 na kitu, siku isiyo na upepo. Panga maisha yako kwa 14, na safari za magharibi kwa 12. Jumamosi ukifika kuitazama, kabla hujawasha injini, fungua mlango wa nyuma. Kama ni mlango mkubwa wa kawaida, unaofunguka peke yake, hiyo ni ya galoni 36. Kama ni kimlango kifupi ambacho lazima ufungue wa mbele kwanza, nacho kinafungukia nyuma, hiyo ni ya 23 kama yangu. Nipigie ukiwa palepale.