Kabla Hujapima Dumu, Pima Glavu Zako

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima kemikali zinazohama kutoka kwenye vifungashio kuingia kwenye chakula hapa Dodoma, mtu akikuletea chupa ya plastiki usikimbilie mashine. Muulize itabeba nini, kwa muda gani, na itakaa kwenye joto gani. Chupa ya juisi ya ukwaju ina maswali yake, na dumu la mafuta ya alizeti, lile linalopangwa juani kando ya barabara ya Singida, lina mengine kabisa. Kwenye kipimo hatutumii chakula chenyewe, tunatumia kimiminika kinachokiwakilisha: Kanuni ya Ulaya namba 10/2011, ya plastiki zinazogusa chakula, inatumia asidi ya asetiki ya asilimia 3 badala ya vyakula vichachu, ethanoli ya asilimia 20 badala ya vinywaji kama mvinyo wetu wa zabibu, ethanoli ya asilimia 50 badala ya maziwa, na mafuta ya mimea badala ya vyakula vya mafuta. Niliwahi kuona dumu la alizeti likipimwa kwa kimiminika cha maji. Majibu yalitoka mazuri, na hayakuwa na maana, kwa sababu kemikali nyingi za plastiki hukimbilia mafuta na kuyakwepa maji.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la glavu. Nilikuwa natafuta fithaleti, zile kemikali za kulainisha plastiki, na kila sampuli ilitoa kilele kirefu kwenye grafu. Nikaanza kuwalaumu wenye viwanda moyoni. Kisha nikaingiza blanki, yaani kiyeyusho kitupu kilichopita njia zote za sampuli bila kugusa kifungashio. Kilele kilekile kikasimama pale! Glavu zangu za vinili ndizo zilikuwa zinatoa fithaleti. Kazi ya wiki mbili nikaitupa. Tangu hapo vyombo vyangu ni vya kioo, nimevichoma kwenye tanuru na kuvifunika kwa karatasi ya alumini, glavu ni za nitrili, na blanki inakwenda na kila kundi la sampuli, hata siku yenye haraka.

Jambo jingine ni la mji wetu wenyewe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Utaratibu ukidai nyuzi 100 kwa saa 1, usiandike 100 kwa kuwa umeona mapovu. Weka kipimajoto, uandike kinachosoma, au tumia chombo cha kufungwa chenye mgandamizo.

Na mizani. Kikomo cha jumla cha kemikali zote zinazohama kutoka kwenye plastiki ni miligramu 10 kwa kila desimeta ya mraba. Ukipima desimeta moja ya mraba, kimiminika kikishakaushwa unatafuta mabaki ya miligramu 10 ndani ya bakuli lenye makumi ya gramu. Bakuli likitoka ovenini bado moto, hewa inayopanda pembeni yake hulifanya lionekane jepesi. Liache lipoe ndani ya desiketa, yaani chombo cha kufungwa chenye kikausha unyevu, lishike kwa koleo, kisha pima. Lirudishe ovenini, lipoze tena, pima tena. Tofauti ikizidi nusu miligramu, bado halijakauka, na mteja atasubiri.