Barua zinakwama kwenye foleni: seva ya barua pepe nyumbani Arua

SWALI: Habari, mhandisi. Niko Arua, Uganda. Nimejifunza kutengeneza vifurushi vya programu vya Debian (aina ya Linux), na kwa mazoezi nimetengeneza kimoja kinachosakinisha Postfix (inayotuma na kupokea barua) na Dovecot (inayozihifadhi ili tuzisome) pamoja na mipangilio yangu yote kwenye laptopu ya zamani. Nataka mimi, mke wangu na dada zangu wawili tuwe na barua pepe yetu wenyewe, kwenye kikoa chetu. Tukiandikiana humu ndani zinafika. Nikituma Gmail haziendi, na za kutoka nje haziingii. Logi inasema "Connection timed out". Nimebadilisha main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, hadi sijui tena ilikuwaje, na jana niliposasisha kifurushi changu, mabadiliko yote yakafutika. Natumia ruta ya laini ya simu. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, Postfix yako ni nzima. Acha kuigusa kwa sasa.

Isome tena ile logi. Google ingekuwa imekukataa, ungeona namba inayoanza na 4 au 5 ikifuatwa na sababu. Wewe umepata kimya. Postfix imebisha hodi kwenye poti ya 25, mlango ambao seva za barua hupeana barua, na hakuna aliyeitika, kwa sababu njia imefungwa kabla ya kufika Google. Mitandao mingi ya simu na ya majumbani hufunga poti hiyo ili kompyuta zenye virusi zisimwage barua taka. Hakikisha mwenyewe: andika `nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25`, kisha `nc -vz smtp.gmail.com 587`. Ya pili ikifunguka papo hapo na ya kwanza ikaning'inia, jibu unalo.

Za kuingia zina kikwazo kingine. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya IP iliyopewa upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hiyo si anwani yako peke yako. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 ili kampuni za intaneti ziwaweke wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama nyumba ya kupanga yenye geti moja na vyumba mia visivyo na namba. Mleta barua anafika getini, hajui agonge wapi. Rekodi yako ya MX, inayotaja seva ya kupokea barua za kikoa chako, haiwezi kulitatua hilo.

Unaweza kuomba anwani ya kudumu kwa kampuni yako ya intaneti, lakini kwa familia ya watu wanne sikushauri. Kodi seva ndogo nje. Gigabaiti 1 ya RAM inatosha kwa Postfix peke yake. Hiyo iwe geti lako. Laptopu ibaki Arua na Dovecot na barua zote, na viwili hivyo uviunganishe kwa WireGuard, njia ya siri kati ya kompyuta mbili kupitia intaneti. Upande wa laptopu weka `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo ruta itausahau muunganisho ukikaa kimya. Kwenye seva ya nje taja kikoa chako katika `relay_domains`, na `transport_maps` ipeleke barua kwenye anwani ya laptopu ndani ya WireGuard. Kwenye laptopu, `relayhost` ielekee kwenye seva hiyo, ili barua za kutoka zipitie hapo.

Usisahau `relay_recipient_maps`, yaani orodha ya anwani zenu nne. Bila hiyo geti litapokea barua za majina yasiyokuwepo, laptopu itazikataa, na seva yako itaanza kuwarudishia watu ambao hawakutuma chochote. Na katika `mynetworks`, yaani mitandao inayoruhusiwa kutuma kupitia seva, weka mtandao wa WireGuard tu. Ukiachia zaidi ya hapo, wageni watatumia seva yako kutuma uchafu wao.

Mpangilio huu naupenda kwa sababu ya umeme. Arua ikizimika usiku kucha, barua zinasubiri kwenye foleni ya seva ya nje. Postfix, usipoibadilisha, huijaribu barua kwa siku 5 kabla ya kuirudisha kwa mtumaji. Siku 5 zinaonekana nyingi, lakini kumbuka Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa karibu siku hizohizo tano. Mimi huandika `maximal_queue_lifetime = 10d` kwenye seva ya geti, na seva yenyewe naiweka nje ya Uganda.

Kabla hujalipa, uliza mambo mawili: je, poti ya 25 iko wazi, na je, unaweza kuweka mwenyewe rekodi ya PTR, inayoonyesha jina la anwani ya IP? Kampuni nyingi za seva huifunga poti hiyo kwa wateja wapya. Lipia mwezi mmoja kwanza. Niliwahi kulipia mwaka mzima, kisha nikakuta anwani niliyopewa iko kwenye orodha ya Spamhaus, ya anwani zinazotuma barua taka, kwa makosa ya mpangaji aliyenitangulia. Barua zangu zilikataliwa wiki tatu. Ilinibidi niombe anwani nyingine.

Kwenye DNS, yaani rekodi za kikoa chako, SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua zenu) itaje anwani ya seva ya nje, kwa kuwa ndiyo inayoonekana ikituma. PTR unaiweka kwa mwenye seva, si kwa aliyekuuzia kikoa, na jina lake lilingane na lile ambalo Postfix hujitambulisha nalo. DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini barua ikishindwa ukaguzi, anza na `p=none`, yaani wasiizuie. Saini ya DKIM, inayothibitisha kwamba barua imetoka kwenye kikoa chako, itiwe kwenye laptopu, ili ufunguo wa siri usitoke nyumbani kabisa.

Sasa kifurushi chako, na hapa nimefurahi kwamba umeuliza. Naamini postinst yako, hati inayoendeshwa baada ya kusakinisha, ina amri ya kunakili, `cp`, inayomwaga main.cf yako juu ya iliyopo. Kila dpkg, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, inapokisanidi kifurushi, hati hiyo inaendeshwa tena, na ndiyo maana kazi yako ya jana imepotea. Sheria za Debian zinakataza kifurushi kimoja kuandika juu ya mipangilio ya kingine. Iondoe hiyo `cp`.

Kwa Dovecot, kifurushi kilete faili lake kwenye `/etc/dovecot/conf.d/`, tuseme `99-familia.conf`. Debhelper, zana za kutengenezea vifurushi, italihesabu kuwa faili la mipangilio, na ukiwa umelihariri kwa mkono, dpkg itakuuliza kabla ya kulibadilisha. Postfix haina folda ya namna hiyo. Sakinisha etckeeper ili `/etc` yote iwe na historia, kisha badilisha mstari mmoja mmoja kwa `postconf -e`. `postconf -n` itakuonyesha yaliyowekwa kwenye main.cf bila yale maelezo marefu.

Debian 13, ya Agosti 2025, ilileta Dovecot 2.4, nayo haikubali mipangilio ya 2.3. Faili lako likiandikwa kwa 2.4, weka `Depends: dovecot-imapd (>= 1:2.4)`. Ile `1:` usiiache. Matoleo ya Dovecot kwenye Debian yote yana `1:` mbele, kwa hiyo ukiandika `2.4` tupu, dpkg itaona 1:2.3 ni kubwa kuliko 2.4 na kuiruhusu.

Ufunguo wa DKIM na nywila zisiingie kwenye .deb, yaani faili la kifurushi chako, kamwe. Yeyote mwenye faili hilo anazitoa kwa `dpkg-deb -x`. Tengeneza ufunguo kwenye laptopu yenyewe kwa `opendkim-genkey`.

Dada zako wasihame bado, na akaunti za benki zibaki kwenye anwani za zamani kwa mwezi wa kwanza. Jitumie barua kwenye Gmail, fungua vichwa vyake kamili, utafute SPF, DKIM na DMARC. Ukiona PASS mbele ya zote tatu, wape nywila zao.