Kabla Hujasaini: Nani Hasa Atailipia Riwaya Yako?

Riwaya ya Kiswahili mara chache imemlisha mwandishi wake peke yake. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mwandishi wa habari. Euphrase Kezilahabi alifundisha chuo kikuu, na hata Abdulrazak Gurnah, anayeandika kwa Kiingereza na mshindi wa Nobeli ya mwaka 2021, aliishi kwa mshahara wa Chuo Kikuu cha Kent mpaka alipostaafu. Kinachobadilika kila kizazi ni mlipaji, na kila mlipaji ananunua kitu tofauti.

Zamani mlango ulikuwa shindano. East African Literature Bureau, ofisi ya uchapishaji ya kikoloni iliyoanzishwa 1948, iliendesha mashindano, na Mzimu wa Watu wa Kale ya Abdulla ilishinda lile la 1957/58, ikatoka kitabuni 1960. Baadaye zikaja riwaya za upelelezi na mapenzi za miaka ya 1970 na 1980, kisha hadithi za magazetini. Angalia jambo moja hapo: Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, na Eric Shigongo alizitoa hadithi zake katika magazeti yake mwenyewe. Walishika kalamu na njia ya kuuzia pia.

Leo milango iliyo wazi zaidi ni shule na simu.

Shule ndiyo yenye fedha ya kudumu, kwa sababu kila mwaka wanafunzi wapya wanahitaji kitabu kilekile. Nchini Kenya riwaya ikiteuliwa kutahiniwa hukaa miaka kadhaa. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilitahiniwa tangu 2013 hadi 2017. Lakini shule ina masharti yake. Rosa Mistika ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mambo ya kimwili yaliyomo. Ukiandika kwa ajili ya watu wazima, andika kwa uhuru, ila usiipigie hesabu fedha ya shule.

Ukienda kwa mchapishaji, kifungu cha kusoma mara tatu ni cha mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi. Asilimia 10 ni kiwango cha kawaida, lakini asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na duka linakatiwa asilimia 35. Mrabaha ukihesabiwa kwa bei ya jalada, unapata 1,000 kwa nakala. Ukihesabiwa kwa fedha iliyomfikia mchapishaji, unapata 650. Kwa nakala 2,000, tofauti ni shilingi 700,000. Kisha kuna kodi ya zuio, ambayo mlipaji huikata kabla ya kukupa fedha: Tanzania hukatwa asilimia 15 ya mrabaha, Kenya asilimia 5 kwa mkazi. Dai hati ya makato, maana utaihitaji kwenye ritani ya kodi.

Kosa kubwa zaidi ni kuuza hakimiliki yote kwa mkupuo. Fedha ya mara moja huvutia pale kodi ya nyumba inapodaiwa, lakini kitabu kikiteuliwa miaka sita baadaye huna dai lolote. Mpe mchapishaji haki ya kuchapa kitabu kwa Kiswahili, kwa muda uliotajwa. Tafsiri, filamu, kitabu cha kusikiliza na toleo la simu viandikwe kimoja kimoja kwamba vimebaki kwako. Weka pia kifungu kwamba nakala zikiisha na asichape tena ndani ya miezi 12, haki zinakurudia.

Ukichapa mwenyewe, hesabu kurasa kabla ya kuzungumza bei. Kwa kawaida karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 160 ni mikunjo 10 kamili. Ukifika 163 utalipia mkunjo mwingine kwa ajili ya kurasa tatu. Maneno yetu ni marefu, hivyo ukurasa wa A5 hubeba maneno kama 280 hivi, na mswada wa maneno 42,000 hukaa vizuri ndani ya kurasa 160. Tuseme nakala 500 zimekugharimu shilingi milioni 2, na kila nakala dukani inakurudishia 6,500. Lazima uuze 308 kabla ya kuona shilingi ya kwanza ya faida, na bado hujalipa mhariri. Maduka mengi huchukua kwa mali kauli, yaani hulipa baada ya kuuza. Andikishianeni idadi, tarehe ya kuhesabu na nani anabeba hasara ya nakala zilizochakaa. Namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba kwa Tanzania, na huduma ya maktaba ya taifa kwa Kenya.

Simu ni soko lenye kasi kuliko yote, na ndilo linalovuja kuliko yote. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: sehemu tano hadi kumi za bure Facebook, kila moja maneno 1,000 hivi, halafu kundi la kulipia WhatsApp. Usiuze sehemu mojamoja, ada ya muamala italamba faida. Uza kwa fungu la sehemu kumi. Maliza mswada kwanza. Ukiugua katikati ya hadithi iliyokwisha lipiwa, wasomaji watadai fedha zao, na wana haki. Malipo yahakikishwe kwa salio lako, kamwe si kwa picha ya ujumbe. PDF nzima itasambaa wiki hiyohiyo, hivyo itoe mwisho kabisa, na jina la mnunuzi kwenye kila ukurasa. Haizuii wizi, lakini inampa mtu haya.

Tahadhari: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, ambayo mwaka 2023 ilimpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, inataka mswada ambao haujachapishwa. Soma masharti kabla ya kurusha hata sehemu ya kwanza mtandaoni.

Na mikataba yote iwekwe kwenye faili moja ambalo mwenzi wako au mtoto anajua lilipo. Hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na mchapishaji asiyejua amlipe nani mara nyingi hamlipi mtu. Andika majina ya warithi, na umpelekee mchapishaji nakala mapema.