Barua ya waziri haimtoi mtu mahabusu

SWALI: Shikamoo wakili. Mdogo wangu alikwenda nje kufanya kazi ya udereva. Siku aliyofika, mwajiri alichukua pasipoti yake. Miezi ikapita bila mshahara, akaamua kuondoka. Mwajiri akamripoti polisi kwamba amemwibia, na sasa ni wiki ya pili yuko mahabusu. Amepiga simu mara moja tu. Kuna jamaa anatuambia ana mtu wake wizarani: tukimlipa, waziri wa mambo ya nje atasaini barua ya kumtoa, na pasipoti mpya itatolewa bila yeye kuwepo. Familia imeshaanza kuchanga. Je, waziri ana mamlaka hayo? Na ile pasipoti tuiripoti kuwa imepotea?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni sana. Huo mchango usimamisheni leo hii, na pasipoti msiiripoti kuwa imepotea. Nitaeleza yote mawili, ila nianze na hili la waziri, kwa sababu ndilo linaloumiza familia nyingi zinazoniandikia.

Hakuna waziri wa mambo ya nje, awe wa nchi kubwa au ndogo, anayeweza kuwaamuru polisi wa nchi nyingine wamwachie mtu. Hata kama barua mnayouziwa ingekuwa ya kweli, mkuu wa kituo kule angeisoma na kuiweka pembeni, maana yeye anawajibika kwa mwendesha mashtaka na mahakama za nchi yake. Ubalozi nao si kipande cha nchi yenu kilichopandikizwa ugenini, kama wengi wanavyoamini. Majengo yake hayaingiliwi bila ruhusa ya balozi, basi. Ardhi inabaki ya nchi mwenyeji. Na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ambao ndio unaolinda majengo hayo, unawataka wanadiplomasia waheshimu sheria za nchi waliyomo na wasiingilie mambo yake ya ndani.

Kinachonisikitisha ni kwamba imani hii hula muda. Watu wanatumia siku za mwanzo, zile zenye thamani kuliko zote, wakihangaika kumfikia mkubwa. Wakati huo aliyekamatwa hajaambiwa sentensi moja tu anayotakiwa kuisema.

Sentensi hiyo inatokana na mkataba mwingine wa Vienna, wa mwaka 1963, unaohusu kazi za konseli, yaani maafisa wa ubalozi wanaowahudumia raia wao walioko ugenini. Ibara yake ya 36 inasema hivi: wanaomkamata raia wa kigeni wanatakiwa wamwambie bila kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa. Akitaka ujulishwe, wanaujulisha. Mkataba huo hauwalazimishi kuupigia simu ubalozi ikiwa mwenyewe hajaomba. Ipo mikataba ya nchi mbili inayolazimisha taarifa kutolewa hata asipoomba, lakini msiweke matumaini hapo. Wapo pia wanaokataa kwa sababu nzuri, kama mtu aliyeikimbia serikali yake mwenyewe, na haki ya kukataa ni yao.

Kwa hiyo mdogo wako akipiga simu tena, msimalize muda wake kwa kumsimulia mnavyohangaika. Mwambieni aseme, kwa lugha yoyote inayoeleweka pale: "Naomba ubalozi wa nchi yangu ujulishwe kwamba nimekamatwa." Amwambie mpelelezi, arudie kwa mwendesha mashtaka, arudie mbele ya hakimu, na kila mara aombe iandikwe kwenye jalada. Maelezo yaliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma asiyasaini mpaka atafsiriwe. Hili la saini nalisisitiza, kwa kuwa kesi nyingi za wafanyakazi wa kigeni huharibika kwenye karatasi ya siku ya kwanza, kabla wakili hajafika.

Ninyi nanyi msikae mkisubiri simu. Uandikieni ubalozi moja kwa moja, na nakala ipelekeni idara ya konseli ya wizara. Hamhitaji mtu wa kuwapitisha. Andikeni majina yake yote kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti kama mnayo, kituo alicho, siku aliyokamatwa na jina la mwajiri. Kama nchi yenu haina ubalozi pale, aghalabu uko ubalozi wa nchi jirani uliopewa jukumu hilo, au nchi rafiki iliyoombwa kuhudumia raia wenu. Wizara ndiyo itakayowaambia ni upi.

Afisa wa konseli akiruhusiwa kumwona, kazi yake ni ya kawaida kuliko watu wanavyoitazamia. Anakaa naye na kumuuliza: unapigwa? unakula? umeonana na daktari? umesaini nini? unaelewa umeshtakiwa kwa kosa gani? Kisha anatafuta wakili au anawapa orodha ya mawakili, anaomba mkalimani, anawapigia simu ninyi, na anaandika kwa mamlaka za kule akieleza kasoro alizoziona. Halipi faini, hageuki wakili wa utetezi, na hawezi kumdai mtuhumiwa kama mzigo uliokwama bandarini. Hata hivyo, askari wakishajua kuna mtu atakayerudi wiki ijayo kuuliza maswali yaleyale, namna wanavyomtendea mahabusu hubadilika. Ulinzi huo ndio mnaoukosa kila siku mnayompa huyo jamaa.

Kama mnadhani nchi kubwa hufanya vingine, itazameni kesi ya ndugu wawili wa Ujerumani, Karl na Walter LaGrand. Walikamatwa Arizona, Marekani, mwaka 1982 kwa jaribio la kuiba benki lililosababisha mauaji, wakahukumiwa kifo. Hakuna aliyewaambia kuhusu haki ya konseli. Ubalozi mdogo wa Ujerumani ulipata habari zao mwaka 1992, na ulizipata kwao wenyewe, si kwa mamlaka za Arizona. Miaka kumi ilikuwa imepita na ushahidi uliotakiwa kuletwa mwanzoni haukuwa na nafasi tena mahakamani. Serikali ya Ujerumani iliomba katika ngazi za juu kabisa, na ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Karl aliuawa Februari 1999, na Walter tarehe 3 Machi, siku ileile mahakama hiyo ilipoagiza hatua zichukuliwe asiuawe kwanza. Hukumu ya mwaka 2001 iliipa Ujerumani ushindi, wakati ndugu wote wawili walikuwa wameshazikwa. Hakuna barua ya waziri iliyoweza kuifidia ile miaka kumi.

Sasa, waziri ana kazi gani? Anaiongoza sera ya nchi kwa nje, anasimamia balozi, na sahihi yake kwenye mkataba inatosha bila hati ya idhini, kama ilivyo kwa rais na mkuu wa serikali. Kwa upande wa haki za binadamu ana majukumu mawili ambayo wakati mwingine hugongana: kuwatetea raia wake walioko nje, na kuitetea rekodi ya nchi yake inapohojiwa Geneva, kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Linapokuja suala la mtu mmoja, ana njia za kushinikiza: kumwita balozi wa nchi husika, kulifikisha kwa waziri mwenzake, na ikishindikana kabisa, serikali kufungua kesi ya nchi dhidi ya nchi. Hatua hizo hujengwa juu ya kumbukumbu zilizoandikwa tangu mwanzo: aliomba ubalozi lini, nani alikataa, afisa alizuiwa siku gani. Bila kumbukumbu hizo, waziri hana cha kushika mkononi anapozungumza na mwenzake.

Na njia hiyo ya mwisho ni ndefu. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara raia wa Guinea, aliishi Kongo kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipokamatwa mwishoni mwa mwaka 1995, kisha akafukuzwa nchini mwanzoni mwa mwaka 1996. Guinea ilifungua kesi The Hague mwaka 1998. Hukumu ikatoka mwaka 2010: Kongo ilikuwa imevunja haki zake, ikiwemo ile ya kuambiwa kuhusu konseli. Kongo ilijitetea kwamba alielezwa kwa mdomo, ikashindwa kuthibitisha. Mahakama ikaongeza jambo ambalo natamani kila mpelelezi alijue, kwamba ni wajibu wa mamlaka kumwambia aliyekamatwa kwa hiari yao, na wala hawawezi kujitetea kwamba hakuuliza. Fidia, dola 95,000, iliamuliwa mwaka 2012. Miaka 16, jamani, na hiyo ni kesi iliyoshinda. Mwaka 2019 India nayo ilishinda dhidi ya Pakistan kwa kunyimwa kumwona raia wake Kulbhushan Jadhav, aliyehukumiwa kifo kule kwa ujasusi, lakini ombi lake kwamba aachiwe lilikataliwa. Kilichoamriwa ni hukumu yake ipitiwe upya. Mkisikia mtu anaahidi kutoa kwa bahasha kile ambacho serikali nzima haikukipata mahakamani, mjue anawadanganya.

Tuje kwenye pasipoti. Msiripoti imepotea, kwa sababu haijapotea. Mnajua iko kwa nani. Pasipoti iliyoripotiwa kupotea hufutwa, na namba yake inaweza kuingizwa kwenye kanzidata ya Interpol ya hati za kusafiria zilizoibwa na kupotea, ambayo maafisa wa mipakani huitumia. Kesho mwajiri akilainika na kuirudisha, mdogo wako akaibeba hadi uwanja wa ndege, atazuiwa akiwa na hati yake mwenyewe. Mbaya zaidi, mtakuwa mmefuta ushahidi wenu. Shirika la Kazi Duniani linahesabu kuzuiliwa kwa hati za utambulisho kuwa moja ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa, na kunyimwa mshahara ni kingine. Mdogo wako ana vyote viwili. Mtu anayeshtakiwa kwa wizi huku mwajiri wake akiwa na pasipoti yake kabatini ana utetezi wa maana, ilimradi ukweli uandikwe hivyo tangu mwanzo: "imezuiliwa na mwajiri."

Ahadi ya pasipoti mpya bila yeye kuwepo inanikera kuliko zote. Pasipoti za siku hizi katika nchi nyingi hubeba picha na alama za vidole za mwenyewe. Vidole vyake viko mahabusu. Hiyo mpya itakuwa na vidole vya nani? Na pasipoti hazitolewi na wizara moja kila mahali. India ni wizara ya mambo ya nje, Uingereza ni ya mambo ya ndani. Muulizeni huyo jamaa mtu wake yuko wizara ipi na idara gani, na mumwache ajibu. Mdogo wako akikutwa na hati ya kughushi, kesi ya wizi ambayo pengine ingefutwa itaongezewa nyingine ambayo haifutiki kirahisi. Wakati wa kurudi ukifika na pasipoti bado haijapatikana, ubalozi humhoji, ukathibitisha uraia wake na kumpa hati ya dharura ya kusafiria. Hati hiyo inamrudisha nyumbani tu. Haifuti kesi, na haifuti siku alizokaa bila kibali halali. Hayo humalizwa na mamlaka za kule kabla hajapanda ndege.

Naandika kwa ukali kidogo kwa sababu huyo jamaa wenu hayuko peke yake. Wako wanaouza "pasipoti ya kidiplomasia" wakidai mwenye nayo hakamatwi popote. Huo ni uongo: kinga hutokana na wadhifa uliokubaliwa na nchi mwenyeji, na rangi ya jalada haimkingi mtu. Wako wanaojiita makonseli wa heshima bila nchi yoyote kuwatambua. Wako mawakala wa ajira wanaomwambia kijana ampe mwajiri pasipoti "aitunze," ilhali mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 kuhusu wafanyakazi wahamiaji unasema wazi kuwa asiye ofisa wa umma aliyeidhinishwa kisheria hana ruhusa ya kunyang'anya hati hizo. Si nchi zote zimeuridhia, kwa hiyo wakili wa kule ndiye ataangalia sheria ya ndani inasemaje. Wakala aliyesema hivyo, jina lake nalo liingie kwenye barua yenu kwa ubalozi.

Pesa mliyokwisha kuchanga mwekeeni wakili wa kule, aliyetoka kwenye orodha ya ubalozi, na mdai risiti. Ujumbe wote wa huyo jamaa msiufute. Polisi wa nyumbani watauhitaji. Na kama kuna mwingine katika familia anayejiandaa kuondoka, apige picha kurasa za pasipoti na mkataba wa kazi awaachie ninyi, na namba ya ubalozi aikariri kichwani, kwa kuwa mtu akikamatwa, simu ndiyo huchukuliwa kwanza.