Maswali ya wasomaji: Ukubwa wa mpiga dramu huyu uko wapi?

SWALI: Shikamoo, mzee. Napiga dramu kwenye kwaya hapa Igoma. Toleo lililopita uliandika kwamba mpiga dramu unayemkubali kuliko wote ni Jaki Liebezeit wa bendi ya Can ya Ujerumani. Nimemsikiliza. Wimbo mmoja unakwenda dakika 18 na jamaa anarudia kitu kilekile! Sasa ukubwa wake uko wapi? Na kama nimeanza na wimbo mbaya, nianze na upi?
Mpiga dramu, Igoma

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Ukubwa wake uko hapohapo ulipochokea.

Wimbo huo bila shaka ni "Halleluwah", kwenye albamu ya Tago Mago ya 1971. Uweke tena, uvae spika za masikioni, gitaa na mwimbaji uwaache wapite. Fuata ngoma ya mguu peke yake. Pigo haliyumbi, lakini mkono haulali: hapa anagusa kwa wepesi, pale anakaza, mara anaacha kapengo kadogo ambako besi inajipenyeza. Wenzake wanafanya watakavyo juu yake, mwimbaji Damo Suzuki ananong'ona, kinanda kinakoroma, na hakuna anayepotea.

Usidhani mbwembwe zilimshinda. Liebezeit, aliyezaliwa 1938 karibu na Dresden, alitokea kwenye jazi, tena ile jazi huru ambayo kila mtu anashika njia yake. Mwenyewe alisimulia kuwa msikilizaji mmoja alimfuata baada ya onyesho akamwambia apige kitu kimoja bila kubadilisha. Maneno yakamwingia. Mwaka 1968 akawa mmoja wa walioanzisha Can, mjini Cologne, na Irmin Schmidt na Holger Czukay, wote wawili waliosoma kwa mtunzi Stockhausen, pamoja na kijana wa gitaa, Michael Karoli.

Nyimbo hawakuziandika. Walipiga kwa saa nyingi kanda ikizunguka, kisha Czukay akaikata na kuiunga vipande. Hebu fikiria kazi hiyo na mpiga dramu anayekimbia akinogewa! Vipande visingeshikana. Studio yao ya Weilerswist ilikuwa jumba la zamani la sinema, na kuta walizifunika kwa magodoro ya jeshi. (Sisi tunabandika trei za mayai, kwa hiyo tusicheke.)

Wapo wanaosema alikuwa mashine. Nakataa. Mashine haiwasikilizi wenzake.

Na wewe ni mtu wa Mwanza, jambo hili lisikushangaze. Nenda Kisesa, pale Bujora, msimu wa Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, makundi mawili hasimu ya Bagika na Bagalu yakigombea watazamaji. Mpiga ngoma anayetaka kuonekana fundi kila dakika anawavuruga wachezaji wa ngoma ya bugobogobo na majembe yao mkononi, na watu hao, wanahamia upande wa pili. Mzee anayeshikilia pigo moja mpaka vumbi linatimka ndiye anayebaki na umati.

Wakubwa walimjua. Mwanamuziki wa Uingereza, Brian Eno, alimwita kwenye albamu yake ya 1977, na bendi ya Depeche Mode, ya Uingereza pia, kwenye albamu yao ya Ultra ya 1997. Uzeeni aliacha hata pedali, akawa anapiga kwa mikono tu. Alifariki Januari 22, 2017, akiwa na miaka 78.

Pa kuanzia? Ege Bamyasi ya 1972, ile yenye picha ya kopo la bamia kwenye jalada. Nyimbo zake nyingi ni fupi, na "Spoon" ulifika nafasi ya 6 Ujerumani. Anza na "Vitamin C", haufiki dakika nne. Tago Mago ihifadhi kwa siku utakayopanda meli ya Nansio, utaisikiliza yote na muda utabaki. Albamu zao za mwisho mwisho, za baada ya 1975, kwangu mimi ni za kupitia tu. Na Jumamosi mazoezini, kaa karibu na mpiga besi, mshike pambio moja mwanzo hadi mwisho bila kuongeza kitu. Mwalimu wa kwaya akilalamika, mwambie nimekutuma mimi.