Ukitengeneza modeli ya ziwa, usiipe upepo wa wastani

Kama ndo unaanza kumodeli maji, nisikilize kwanza maana mimi hii kitu imenila miezi miwili bure.

Nilikuwa na modeli, yaani programu ya kompyuta inayoiga ziwa, ya Ziwa Victoria upande wetu wa Mwanza, inaonyesha maji ya juu yenye joto yanavyochanganyika na ya chini yenye ubaridi, sasa kila nikiiendesha leptopu inaniambia chini kumetulia tuli, hata Julai. Julai jamani! Wakati Juni mpaka Agosti ndo ule upepo mkavu wa kusini mashariki unalipoza ziwa na kulikoroga. Nikailaumu tabulensi, yaani ule msukosuko wa maji, nikachezea namba za k-epsiloni, fomula za kuukadiria, weee, wapi.

Siku moja nikadandia mtumbwi wa dagaa pale Igombe. Mzee wa injini akaniuliza natumia upepo gani, nikamwambia wa wastani wa siku, akacheka. "Mwanangu, usiku unatoka nchi kavu, mchana unatoka ziwani. Huo wako unatoka wapi?"

Nikarudi kwenye kikaratasi. Nguvu ya upepo kukoroga maji inafuata spidi kipeo cha tatu. Chukua mita 2 kwa sekunde usiku na 6 mchana, wastani ni 4, kipeo chake cha tatu ni 64. Ila ukipiga kila moja peke yake unapata 8 na 216, wastani 112, karibu mara mbili. Mimi nilikuwa nimefanya na ujinga mwingine juu yake, nimewastanisha hadi mwelekeo, kwahiyo upepo wa usiku na wa mchana umefutana wenyewe kwa wenyewe. Weka saa kwa saa, basi.

Alafu angalia kama modeli yako inayajua mawimbi. Ile mistari ya povu inayolala kufuata upepo, mwanasayansi Langmuir aliiona kwenye magugu ya baharini akivuka Atlantiki 1927, akaielezea 1938: upepo unaviringisha maji kama magogo, juu kwenda chini, na baadaye ikajulikana mawimbi nayo yanashiriki. Modeli isiyo na mawimbi inakoroga kidogo kuliko ziwa lenyewe.

Na usiamini grafu kabla hujashusha kamba yenye vipima joto kila mita 5, mimi vya kwangu nimevifunga na mpira wa baiskeli.

Julai sasa inakoroga vizuri. Machi ndo bado inanigomea, nahisi zile mvua za radi za usiku kule katikati ya ziwa sijaziweka sawa.