Paa la mawe matupu la Alberobello linasimamaje?

Swali: Habari injinia. Nimeona picha za nyumba za Alberobello kule Italia, mapaa yake yamechongoka kama pia na wanasema ni mawe yamepangwa tu, hakuna saruji wala udongo. Inakuwaje hayaporomoki? Na ni kweli walijenga hivo ili wakwepe kodi?

Jibu: Salama kabisa ndugu yangu, asante kwa swali, hizi nyumba nazipenda mno. Zinaitwa trulli, ikiwa moja ni trullo, na huo mji uko Puglia, kusini mwa Italia, UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996.

Siri iko kwenye duara. Fundi anapanga mawe ya chokaa mduara mzima, juu yake anapanga mwingine ameusogeza ndani kidogo, na mwingine tena, mpaka juu kabisa linabaki tundu dogo la kuzibwa na jiwe moja. Sasa jiwe likitaka kudondokea ndani linakuta wenzake wa kushoto na kulia wamelibana, yani duara likishafunga, uzito wa juu ndo unazidi kulikaza. Ndo maana hata mbao za kuegeshea paa wakati wa kujenga hawakuzihitaji. Nje wanafunika na vibapa vyembamba vinavyoitwa chiancarelle, vimelazwa vikiinamia nje kidogo ili mvua iteleze, na maji yenyewe hayapotei, yanaelekezwa kwenye kisima kilichochimbwa kwenye mwamba chini ya nyumba. Ukuta nao ni mnene sana, mawe pande mbili katikati vifusi, umekaa moja kwa moja juu ya mwamba, kwa iyo paa likisukuma nje ukuta unahimili.

Utasikia watu wanasema ukichomoa lile jiwe la kileleni nyumba yote inashuka. Mimi siafiki, miduara ya chini bado imejibana yenyewe, utapata tundu tu juu. Ila kuibomoa ni rahisi kweli, maana hakuna kilichogandisha jiwe na jiwe, watu wachache wanaishusha na mawe yanatumika tena.

Na hapo ndo tunafika kwenye kodi. Ni kweli, ingawa sio sababu pekee, mawe pale yamejaa mashambani na ufundi huu ni wa zamani kuliko mji. Eneo lilikuwa chini ya makabaila wa ukoo wa Acquaviva, na kwenye ufalme wa Naples kuanzisha makazi mapya kulitaka ruhusa ya mfalme na kodi, so wao wakawalazimisha wakulima wajenge bila udongo ili nyumba ziweze kushushwa haraka wakaguzi wa mfalme wakija, ionekane hapo hakuna makazi, na pia ili mkaidi aondolewe kirahisi. Fikiria unalea watoto kwenye nyumba ambayo imejengwa makusudi ili ibomoke. Inaniuma kila nikiifikiria.

Mwaka 1797 wananchi walimlilia mfalme Ferdinand IV akawatoa mikononi mwa hao makabaila. Mwaka huohuo ikajengwa Casa D'Amore, nyumba ya kwanza pale kutumia udongo wa kuunganishia mawe, na mpaka leo usoni mwake kuna maandishi ya Kilatini yanayosema ndo ya kwanza kusimamishwa kwa idhini ya mfalme.